Franga inakaa wapi mu karte, na ufunguo uko kwa nani?

Ukipita Birere asubuhi utamuona kambisti ameshika noti ya dola mia moja, anaipapasa na kidole ku bega ya Franklin asikie kama wino imeinuka, anaigeuza juani aone utepe wa bluu unacheza, anatafuta ule uso wa pili uliojificha mu karatasi, na kama pembeni kuna kakipande kamekatika hata kadogo kama kichwa ya kiberiti anakurudishia bila kusema neno. Sisi watu wa Goma tumelelewa na iyo shule. Pesa ya kweli inajulikana kwa mukono na kwa macho, na mutu anayejua kuangalia hapigwi kirahisi.

Sasa chukua karte ya plastiki, ile ya kugusisha ku mashini. Utapapasa nini? Utaigeuza juani uone nini? Apo macho ya kambisti haisaidii tena, na njo maana nimekaa chini niandike iyi, sababu naona biashara mingi mu muji wanaanza kutumia karte za kuweka franga ndani, kantini, maji, parkingi, na wengi wanazinunua vile mutu ananunua noti, wanaangalia sura.

Kuna mama mumoja anauzisha maji upande wa Ndosho, ako na matanki na robine nne. Alichoka na franka za vipande, noti za mia zimezeeka mpaka hazisomeki, chenji haipatikani, watoto wanapoteza pesa njiani. Kampuni moja ikamuuzia mfumo: mukliya anakuja na franka elfu tano, zinaingizwa mu karte, kisha kila siku mutoto anakuja na bidoni ya litri 20, anagusisha karte, maji inatoka, pesa inapungua. Muzuri kabisa. Nyuma ya miezi mine hesabu ikakataa. Mita ya tanki inaonyesha maji mingi imetoka kuliko franga zilizoingia, na kila juma tofauti inaongezeka. Wa kwanza kushukiwa alikua kijana anayekaa ku robine. Yule mama alishafika pa kumufukuza, na kijana analia tu kwamba hajagusa kitu.

Mama akaniita, sababu anajua nafanya mambo ya informatiki. Akaniambia, "Ndugu yangu, wale walioniuzia walinihakikishia iyi karte haiigwi, angalia hata hologramu iko apa." Nikamujibu, "Mama, hologramu, iyi picha inayong'aa, inalinda plastiki. Franga zako haziko mu plastiki." Akaniangalia kama namutukana. Basi niliyomueleza siku ile njo niko nawaeleza leo, ila kwa urefu.

Swali la kwanza kabisa, mbele ya chipu na mambo yote, ni franga inakaa wapi.

Chukua ile karte ya kugrata, ya inite, yenye tulikua tunanunua ku kila kona mbele watu wazoee kutumiana inite kwa simu. Watu wengi walifikiri pesa iko mu ile karatasi. Apana. Pesa iko mu seva, ile kompyuta kubwa ya kampuni ya simu, karatasi inabeba tu namba ya siri. Unaweza kupiga fotokopi elfu moja, wa kwanza kuingiza namba anapata inite na wale wengine wote wanapata ujumbe kwamba imeshatumika. Na kubahatisha pia hakusaidii: tuseme namba iko na tarakimu 14, na kampuni imetoa karte milioni moja zenye hazijatumika, basi ukiandika namba yoyote ya kichwani uko na nafasi moja ju ya milioni mia moja, na mbele ufike mbali laini yako inafungwa kwa kukosea mara mingi. Kwa ile karte mwizi hashughuliki na karatasi, anashughulika na siri: anagrata pole pole, anasoma, anarudishia kifuniko ingine, ao anaiba liste ya namba kule zinakochapishwa. Na njo maana karte hazikua na thamani mpaka depo iziwashe, mzigo ukiibiwa njiani inakua karatasi tu.

Kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ni vile vile, laini yako inasema wewe ni nani, na salio iko mbali, mu seva. Mutu akiiga laini yako ni hatari kubwa lakini hajaunda pesa mupya, amechukua yako tu.

Lakini hizo zote zinataka rezo. Na sisi apa hatuhitaji kufundishwa kwamba rezo inakufa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika na muji ukabaki bila maji na umeme sehemu kubwa, na mwezi wa kwanza 2025 vita ilipoingia mjini umeme, maji na intaneti vilikatika pamoja. Mashini ya maji yenye lazima iulize seva mbele ya kufungua robine, siku ile inakua chuma. Hata pale rezo iko muzuri kuna shida ya haraka. Wale wanaoenda Kigali wanajua karte za Tap&Go za basi, zimeanza 2015, unagusisha unapanda. Hong Kong wako na karte yao ya Octopus tangu 1997, na ile ilitengenezwa ili malipo imalizike kwa sekunde 0.3, sababu watu maelfu wanapita mulango moja na hakuna atakayesimama kungojea seva ijibu. Basi wakaamua kuandika salio mu karte yenyewe, na mashini inasoma pale pale, inapunguza, inaandika ile mupya, inakuachia.

Apo njo matatizo inaanzia, na nataka uisikie vizuri sababu yote inayofuata inatoka apa. Wewe uko na butiki, unakopesha watu, uko na kaye ya deni. Kaye inakaa kwako, sivyo? Karte yenye franga ndani ni sawa umemupatia mukliya kaye aende nayo nyumbani. Anailalia, ako peke yake usiku muzima na kalamu na gome, hakuna anayemuona. Kesho anakuletea kaye na wewe unaisoma na unaamini chenye kimeandikwa. Kazi yote ya wataalamu kwa miaka zaidi ya hamsini ni kutafuta kaye yenye mutu anaweza kulala nayo na ashindwe kuibadilisha.

Walianza na utepe wa sumaku, ule mustari mweusi nyuma ya karte. Ule hauna akili yoyote, ni sawa na kaseti: kama unaweza kusoma unaweza kuandika. Japani waliumia nayo. Karte za simu za NTT, kampuni ya simu ya kule, zilikua za sumaku, na mwanzo wa miaka ya 1990 watu walikua wanaokota karte zilizoisha, wanaziandikia salio upya, wanazirudisha mu barabara za Tokyo kwa bei ya chini. NTT ikafika pa kuondoa ku soko karte zake za thamani kubwa.

Mufaransa mumoja, Roland Moreno, aliandikisha hati ya uvumbuzi wake mu 1974: weka chipu ya kumbukumbu mu karte, na weka ndani mupaka ambao hata mwenye karte hawezi kuuvuka. Wajerumani Dethloff na Gröttrup walikua wamefikiria jambo la karibu mu miaka ya 1960 mwishoni, lakini ni Ufaransa njo ilijaza mitaa yake na karte ya simu yenye chipu, ile télécarte, mu miaka ya 1980. Vile ilifanya kazi ilikua ya kupendeza. Kila inite ilikua kashimo kadogo mu chipu, na ukiongea kashimo kanachomwa, na kakishachomwa hakarudi. Ni kama tikiti ya karatasi yenye konvoyeri anatoboa, utaitoboa tena lakini huwezi kuitoboua. Kwa kusema kweli taa ya ultravioleti ingeweza kufuta kumbukumbu ya aina ile, basi wakafunika chipu ili mwanga usiingie.

Kwa hiyo kufuta ikashindikana. Wezi wakafanya nini? Wakaacha kushughulika na karte. Wakatengeneza kitu kingine, kakompyuta kadogo kenye miguu ya shaba inayoingia mu simu ya barabara, na kale kanajibu kila simu inapouliza: "Uko na inite ngapi?" Kanasema, mingi. "Choma moja." Kanasema, nimechoma. Na hakakuchoma kitu. Simu ilikua inaamini sababu haikua na njia ya kuuliza: wewe kweli ni karte?

Iyi njo hatua kubwa kabisa mu jambo lote. Nitatumia sentineli.

Uko na parseli, uko na sentineli mpya hajui sura za watu wa nyumba. Unamwambia, mutu akija usiku amwambie neno "sambaza", amufungulie. Usiku wa kwanza inaenda vizuri. Usiku wa pili mutu mubaya amejificha nyuma ya ukuta, anasikia "sambaza", usiku wa tatu anakuja yeye. Neno lilikua la siri mpaka siku lilitamkwa. Sasa fanya ingine. Watu wa nyumba wako na kanuni ya siri ya hesabu, na sentineli anaijua pia. Mutu akibisha, sentineli anamupa namba ya kichwani, kila usiku ingine: "Elfu mbili mia tatu na kumi." Mwenye kanuni anapiga hesabu, anajibu matokeo. Yule wa nyuma ya ukuta anasikia swali na jibu, lakini kesho swali ni lingine na jibu la jana halina kazi. Siri haijatamkwa hata mara moja na mulango umefunguka.

Karte za sasa zinafanya vile. Lekteri, ile mashini ya kusoma karte, inatuma namba ya bahati, chipu inaipitisha mu hesabu pamoja na ufunguo wake, inarudisha jibu. Na karte nayo inauliza lekteri, sababu lekteri ya uongo inaweza kuja kuongeza salio. Kile kakompyuta cha kudanganya kinakwama apo, kinajua kusema "ndiyo" lakini hakina ufunguo.

Sasa ile hesabu ikiwa zaifu ao ufunguo ukiwa mufupi, yote inaanguka, na hapa kuna hadisi ya kweli ya kujua kwa kila mutu anayenunua mfumo wa karte. MIFARE Classic ni chipu ya kugusisha iliyotoka 1994, leo iko chini ya NXP ya Uholanzi, na imeuzwa zaidi ya bilioni moja. Basi, metro, milango ya ofisi, dunia nzima. Hesabu yake inaitwa Crypto1, ufunguo wake ni biti 48, ni kusema sifuri na moja 48 zikifuatana, na kampuni iliificha, haikuonyesha mutu vile inafanya kazi. Mwezi wa kumi na mbili 2007 mu mukutano Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha kwamba wameikata chipu tabaka kwa tabaka, wameipiga picha na mikroskopu, na mu picha wamesoma hesabu. Na wakakuta ile namba ya bahati, ile swali ya sentineli, si ya bahati sana: ilikua na biti 16 tu, ni kama maswali elfu 65 na kidogo yanazunguka, na yalifuata muda tangu chipu ilipopata umeme, kwa hiyo ukijua kupima muda unaweza kupata swali lile lile mara mbili.

Mwaka uliofuata watafiti wa chuo cha Radboud, Nijmegen, wakafika mbali zaidi, mpaka wakapanda metro ya London na karte ya Oyster waliyoibadilisha wenyewe. Walipotaka kuchapisha, NXP ikawapeleka mahakamani Arnhem. Mwezi wa saba 2008 hakimu akakataa kuwazuia, na maelezo yake inanipendeza mpaka leo: hasara, alisema kwa maana, haitoki ku kuandika juu ya kasoro, inatoka ku kutengeneza na kuuza chipu yenye kasoro. London ikaanza kutoa Oyster zenye chipu ingine, DESFire.

Kuna Muholanzi wa zamani, Auguste Kerckhoffs, aliandika mu 1883, akiongea juu ya barua za siri za jeshi, kwamba mfumo lazima ubaki salama hata adui akiukamata na kuusoma wote, siri iwe mu ufunguo peke yake. Fikiria kufuli. Fundi yeyote wa Katindo anajua kufuli ya kawaida inafanyaje ndani, na bado bila ufunguo wako anahangaika. Lakini kama usalama wa kufuli ni kwamba hakuna aliyewahi kuifungua aone ndani, basi siku mutu anaifungua moja amefungua zote. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "teknolojia yetu ni ya siri, hakuna mutu anaijua", usifurahi, iyo ni kasoro amekutajia kama sifa. Anayekuambia "tunatumia AES" anataja hesabu yenye dunia nzima imeisoma na kuishambulia zaidi ya miaka ishirini na bado inasimama.

Turudi kwa mama wa Ndosho kidogo. Nilipogusisha karte yake ku simu yangu, simu ya kawaida yenye NFC, ile ya kusoma karte kwa kugusisha, ilikua MIFARE Classic, ile ile, miaka mingi nyuma ya Berlin. Na hata haikuhitaji ujuzi wa Berlin. Ufunguo ulikua ule wa kiwandani, herufi F kumi na mbili mustari moja, ambao kila mutu wa kazi hii anaujua, waliouza hawakuubadilisha. Ni sawa umenunua kufuli muzuri na umeacha ufunguo umening'inia ndani yake. Mutoto wa miaka kumi na tano mwenye simu angesoma salio na angeiandika upya.

Hata kama wangeubadilisha, kuna kosa la pili nililiona: karte zote zilikua zinatumia ufunguo moja. Ukipasua moja kwa shida umepata mia tatu. Dawa ya ile sisi tunaishi nayo nyumbani bila kujua, ni kashpawa. Unanunua umeme, unapata tarakimu 20, unabonyeza ku konteri, inakubali. Chukua tarakimu zile zile ubonyeze ku konteri ya jirani: inakataa. Kwa nini? Ule mfumo unaitwa STS, ulianzia Afrika Kusini mu miaka ya 1990, na siku hizi uko mu nchi mingi sana. Kila konteri iko na ufunguo wake yenyewe, uliopatikana kwa kuchanganya ufunguo mukubwa wa muuzaji na namba ya ile konteri. Muuzaji hahitaji kuweka liste ya funguo milioni, anachukua namba yako, anapiga hesabu, anapata ufunguo wako pale pale. Na mwizi akifungua konteri yako kwa nyundo na maarifa yake yote, anapata ufunguo wa konteri yako tu. Kurudi nyuma kutoka ufunguo mudogo mpaka mukubwa haiwezekani, kama vile huwezi kurudisha fufu mu muhogo. Karte nzuri zinafanya hivyo hivyo na namba ya karte.

Na angalia uzuri mwingine wa kashpawa: haina intaneti, hata kidogo, na bado huwezi kubonyeza kode ile ile mara mbili. Ndani ya zile tarakimu kumefichwa saa ya kununua, ikihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na konteri inakumbuka zile ilizokwisha kula. Nafasi ya ile hesabu ilikua biti 24, ni dakika 16,777,216, na zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mbele ya ile siku makampuni ya umeme dunia nzima yalipaswa kupatia kila konteri kode mbili za kubadilisha ufunguo na kuanza hesabu upya, na yenye haikupewa ikakataa umeme mupya. Watu waliona usumbufu. Mi niliona kwamba hata mfumo muzuri lazima mutu aliyeujenga akumbuke utaisha lini.

Ufunguo mukubwa sasa, unakaa wapi? Apa njo makampuni madogo yanaangukia. Wanauandika mu programu ya lekteri, ao mu faili ku kompyuta ya ofisi, ao mbaya zaidi mu WhatsApp ya fundi. Pahali pake ni mu chipu ingine, ndogo kama karte SIM, inaingia ndani ya lekteri na inaitwa SAM. Ufunguo unaingia mule mara moja na hautoki, lekteri inatuma swali, SAM inapiga hesabu na kurudisha jibu. Mwizi akibeba lekteri nzima usiku anabeba chuma, na mwenye mfumo anaweza kuifungia SAM ile. Kuna mashambulizi mpaka ya pale, mu miaka ya 1990 mwishoni Paul Kocher na wenzake walionyesha kwamba ukipima umeme chipu inakula wakati inapiga hesabu unaweza kuvuta ufunguo kidogo kidogo, na tangu apo chipu za maana zinatengenezwa ili zifiche ile pumzi yao. Kwa muuza maji ile iko mbali.

Jambo lenye liko karibu, na lenye lilimuibia mama kweli, halikua kuandika salio ya uongo. Nilifikiri hivyo mwanzoni. Nilipofungua kumbukumbu za lekteri nikaona karte moja ilikua na franka 3,000 Jumatatu, ikatumia mpaka 150 Ijumaa, na Jumamosi iko na 3,000 tena bila mutu kuijaza. Juma lililofuata tena. Na ingine. Mutu alikua amepiga kopi ya yote iliyo mu karte siku ilikua imejaa, akatumia, kisha akarudisha ile kopi.

Apa nataka upunguze mwendo, sababu hata mafundi wengi wanapita mbio. Wale wauzaji walipoitwa walisema: sawa, tutafunga salio kwa siri, tutaiandika kwa kode isiyosomeka. Ile haitibu kitu. Rudi ku kaye ya deni. Tuseme kila ukurasa unaweka sahihi yako, nzuri, yenye hakuna anaweza kuiga. Mukliya hahitaji hata kuigusa. Anapiga fotokopi ya ukurasa wa Jumatatu, wakati alikua na 3,000, ukiwa na sahihi yako ya kweli kabisa, na Ijumaa anaung'oa ule wa leo na kubandika ule wa Jumatatu. Unaangalia sahihi: ni yako. Hakuna neno moja la uongo mu ukurasa ule, ni wa zamani tu. Haijalishi umeuandika kwa Kifaransa, kwa Kiswahili ao kwa kode ya jeshi, yeye hahitaji kuusoma, anahitaji kuurudisha.

Dawa iko pande mbili na zote mbili zinatakiwa. Ya kwanza ni mu karte: chipu isikubali mutu yeyote aandike ndani isipokua yule aliyejibu swali la sentineli, na iwe na hesabu ya malipo inayoenda mbele tu, 1, 2, 3, isirudi hata kwa amri, kama mita ya kilometre ya pikipiki ya motari. Salio inafungwa pamoja na ile hesabu na namba ya karte, kwa sahihi moja. Ukurasa wa malipo ya 12 hauwezi kuketi mu kaye yenye mita imefika 30. DESFire za kuanzia toleo la EV1 ziko na uwezo wa AES na zinajua pia kumaliza kuandika yote ao kutoandika kitu, sababu kuna wale wanaovuta karte katikati ya malipo wakitumaini maji itoke na salio isipungue.

Ya pili ni nyuma, mu seva, hata kama seva inaona lekteri mara moja kwa siku. Unaweka kaye yako mwenyewe ya kivuli. Jioni lekteri zinaleta habari: karte namba fulani, malipo ya 30, imebaki 150. Kesho karte ile ikionekana na malipo ya 13 na salio 2,400, hauulizi kama sahihi ni nzuri, unajua kuna kaye mbili. Inaingia mu liste nyeusi, liste inashuka ku lekteri zote, na keshokutwa robine haifunguki. Mwizi amekula siku moja ao mbili. Njo maana pia unaweka mupaka wa salio: karte ya maji isibebe franka laki moja, ibebe za juma moja. Kazi ya kuivunja inagharimu, na ukiweka mupaka unafanya kile kilicho ndani kisilipe ile kazi. Hakuna karte yenye haivunjiki kabisa, na yeyote anayekuuzia kwa neno ilo anakudanganya, lakini kuna tofauti kubwa kati ya kupoteza bidoni tano na kupoteza tanki.

Mbele ya kulipa muuzaji, muulize mambo matatu na umuache ajibu kwa maneno yake. Ufunguo mukubwa unashikwa na nani, na uko ndani ya nini? Kila karte iko na ufunguo wake? Na nikipiga kopi ya karte leo nikairudisha kesho, itatokea nini? Iyo ya mwisho muombe aifanye mbele yako, na karte ya kweli, ku lekteri ya kweli. Wale wa mama wa Ndosho walipoulizwa waliongea tena juu ya hologramu.

Tulibadilisha. Karte mia tatu za DESFire, kila moja na ufunguo wake. Ufunguo mukubwa tuliutengeneza ku kompyuta isiyo na intaneti, tukaugawa vipande viwili ju ya karatasi mbili, kimoja mama anacho, kingine kiko kwa mukubwa wake anayekaa Himbi, na hakuna mumoja wao anaweza kufanya kitu peke yake. Lekteri zinaongea na seva kila jioni kama rezo iko, na kama haiko zinangoja, hata siku tatu. Kubadilisha karte za wakliya kulichukua majuma mawili na makelele mingi, sababu kila mutu alidai salio ya karte ya zamani na tulijua zingine ni za uongo. Mama aliamua kulipa zote mpaka franka elfu tano na hakuuliza mutu swali.

Juma lililopita lekteri ilikamata ya kwanza: karte ilishindwa kujibu swali la sentineli. Tuliifungua ile karte tukakuta mutu amenunua karte tupu na kujaribu kuhamisha yaliyomo. Aliyeiona kwanza ku kioo ya lekteri, akamukataza mukliya kwa adabu na akaja kumuita mama, ni yule kijana wa robine.